Mchango Uje Mgonjwa Akiwa Hai

Habari ya kifo ikiingia katika ukoo, haipiti saa moja kabla mambo hayajaanza kwenda. Mmoja anashika daftari la michango, mwingine anatafuta turubai na viti, vijana wanatumwa kwa jirani kuazima masufuria makubwa, na aliye karibu na hospitali anafuatilia kibali cha mazishi. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya mweka hazina inawekwa juu, na ujumbe wa miamala unaanza kuingia kutoka Mwanza, Mombasa, Muscat na London. Usiku huo wanawake wanalala na mfiwa kwenye mikeka, wanaume wanakesha nje. Hakuna aliyefundishwa kazi hiyo darasani, na hakuna asiyejua nafasi yake.

Ni utaratibu wa kujivunia kweli. Umebeba wajane, yatima na wazee kwa vizazi vingi, tangu kabla ya simu, kabla ya benki, kabla ya bima.

Lakini rudi nyuma miezi minane. Marehemu huyo huyo alikuwa amelala chumba cha uani, upande wa kulia wa mwili umekufa ganzi, na aliyekuwa naye ni mtu mmoja: binti wa pili, yule asiyeajiriwa, aliyefunga genge lake ili amuuguze mama. Hakukuwa na daftari wala mweka hazina. Ndugu walipiga simu Jumapili. "Shikamoo mama mdogo, mgonjwa anaendeleaje?" "Marahaba mwanangu, tunamshukuru Mungu." Simu ikakatwa, na kila upande ukaamini umetimiza wajibu. Nauli ya kliniki ilitoka wapi, nani alimbeba mama mpaka kwenye bajaji, nani alilala usiku na nani hakulala, hayo hayakuulizwa.

Tofauti hiyo kati ya nguvu ya msiba na unyonge wa ugonjwa imewahi kupimwa. Kati ya 1991 na 1994, ukimwi ukiwa umeushika mkoa wa Kagera vibaya, watafiti wa Benki ya Dunia na wa Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 800 za mkoa huo, wakarudi mara kadhaa kuuliza nani ameugua, nani amekufa na fedha zimetumikaje. Katika kaya zilizofiwa na mtu mzima walikuta jambo ambalo wenyeji wangeweza kuwaambia hata bila madodoso: kwa wastani, mazishi yalikula fedha nyingi kuliko matibabu.

Haifai kuwalaumu watu wa Kagera kwa hilo. Mara nyingi ukimwi wa miaka ile haukuwa na dawa ya kununua, na mazishi yalikuwa heshima pekee iliyobaki mkononi. Siku hizi dawa za kufubaza virusi zipo na zinatolewa bure, kiharusi kinaweza kuzuiwa, baadhi ya saratani zinapona zikiwahiwa. Hata hivyo desturi ya kuchanga imebaki palepale ilipokuwa. Kifo kina siku na saa, kina watu wanaotazama, na majina ya waliochanga yanasomwa hadharani. Ugonjwa hauna tarehe ya mwisho, unajirudia, na mara nyingi familia yenyewe inauficha. Wengi wanaotoa elfu hamsini kwenye msiba wangeitoa miezi mitano mapema kama mtu angewaambia inahitajika kwa nini.

Msiba wenyewe nao una sehemu ambayo watu huikimbia. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa, turubai linashushwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na nyumba iliyokuwa na watu mia inabaki na watatu. Uzito wa kufiwa huanza hapo. Dini na mila ziliona pengo hilo zamani: mjane Mwislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, watu wa pwani wana hitima na arobaini, Wakristo wengi wana ibada ya kumaliza arobaini au ya mwaka. Siku hizo zinafaa zitumike kwa kazi yake ya asili, yaani kurudi kumwona mfiwa, kukaa naye, kumsikia akilitaja jina la marehemu bila kumnyamazisha kwa "basi, usilie, ni mapenzi ya Mungu". Wataalamu wa afya ya akili nao wameweka alama. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, inatambua majonzi yasiyotulia: mtu anayepita miezi sita au zaidi akiwa bado amezama, hawezi kazi, hawezi kuyapokea yaliyotokea, kuliko desturi ya jamii yake inavyotarajia. Huyo anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu kama anavyopelekwa mwenye jipu.

Watoto ndio wanaosahaulika zaidi. Wanaambiwa "baba amesafiri" na watu wazima wanaoamini wanawahurumia. Mtoto wa miaka mitano anaanza kungoja getini, na siku akisikia ukweli shuleni kutoka kwa mwenzake, anajifunza kwamba nyumbani hasemwi kweli. Maneno mafupi yanatosha: baba aliugua sana, madaktari walijaribu, amekufa, hatarudi, na wewe hukusababisha. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu watoto wadogo hudhani kifo kimetokana na kosa lao.

Usiri huo huanza mapema zaidi, mgonjwa akiwa bado hai. Daktari anamwita kaka mkubwa pembeni, anamweleza kwamba ni saratani na imesambaa, na kaka anatoka na uamuzi: mama asiambiwe, atakata tamaa. Kuanzia hapo nyumba nzima inaigiza. Mgonjwa anauona mwili wake unavyoisha, anaona wageni kutoka mbali wanaongezeka, anajua, naye anaigiza ili asiwaumize watoto. Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua walimlenga mgonjwa mwenyewe, lakini leo mfichaji mara nyingi ni familia, na anayeumbuliwa ni mtu aliyeondoka bila kusema alilotaka kusema. Nani anamdai, nani anadaiwa, hati ya kiwanja iko wapi, mtoto wa mwisho akae na nani. Katika sheria ya Kiislamu madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Mtu hawezi kuyaweka sawa hayo ikiwa anaambiwa kila siku kwamba ana vidonda vya tumbo tu. Ni mgonjwa anayepaswa kuulizwa kwanza: ungependa kujua kiasi gani? Wapo watakaosema mwambieni mwanangu mkubwa, na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa.

Uganda ina mfano wa mtu aliyegeuza ukimya huo kuwa kitu kingine. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, aligunduliwa kuwa na ukimwi, naye akasafiri kwenda kumuuguza. Huko aliwaona wahudumu wakimshika mumewe bila woga na kuzungumza naye kama mtu. Walirudi Uganda, na Christopher akafariki Januari 1987. Mwaka huohuo Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiishi na virusi au wakiwa na mgonjwa nyumbani, walianzisha TASO, shirika ambalo kwanza lilikuwa mahali pa kukutana, kuongea na kufundishana namna ya kuuguza. Dawa hawakuwa nazo. Walichokuwa nacho ni kutoachiana mzigo, na kwa miaka ile hilo liliokoa nyumba nyingi zisivunjike.

Maumivu ni jambo jingine ambalo familia nyingi hulivumilia bila sababu. Mgonjwa wa saratani anapiga kelele usiku kucha, majirani wanasikia, na mpaka leo wako wanaodhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Haipaswi. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, na kazi yake ikasimama juu ya kitu rahisi: unga wa mofini unaochanganywa na maji, unatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, unawekwa kwenye chupa, na mgonjwa anaunywa nyumbani kwake. Kwa kuwa madaktari hawakutosha, mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika dawa hiyo. Nairobi Hospice ilikuwa imeanza 1990. Tanzania nayo inatoa huduma hii ya kutuliza maumivu, iitwayo tiba shufaa, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika baadhi ya hospitali za mikoani, nyingi zikiwa za mashirika ya dini.

Hofu ya familia ni kwamba mofini itamzoesha mgonjwa au itamwua. Ikinywewa kwa kipimo alichoandika mtaalamu, kwa saa zake, mofini hutuliza maumivu na kumrudishia mtu usingizi na mazungumzo. Kero yake kubwa ni kufunga choo, na ndiyo maana inapaswa kuandikwa pamoja na dawa ya kulainisha. Kosa linalorudiwa nyumbani ni kuisubirisha hadi mgonjwa alie. Maumivu yakishapanda huchukua dawa nyingi zaidi kuyashusha, hivyo chupa hufuata saa, haifuati kilio. Ndugu akiambiwa na daktari "hatuna la kufanya tena, mrudisheni nyumbani", swali la kuuliza palepale ni moja: je, kitengo cha tiba shufaa kiko wapi?

Ugonjwa unaozilemea nyumba nyingi zaidi, hata hivyo, ni ule usioua haraka. Kiharusi ni mfano wake mkuu. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam ulionyesha kwamba kiharusi kiliwapata watu wa Dar es Salaam kwa kiwango cha juu kuliko karibu kila mahali kilipokuwa kimepimwa duniani, na presha isiyotibiwa ilikuwa chanzo kikubwa. Wagonjwa hawa wanakaa wodini siku chache, kisha wanaruhusiwa. Kuruhusiwa maana yake kazi yote ya muuguzi inahamia kwa mtu ambaye jana alikuwa anauza nyanya.

Tazama kazi yenyewe. Mtu aliyelala bila kujigeuza anabanwa na mwili wake mwenyewe pale mfupa unapokaribia ngozi: juu ya makalio, kwenye nyonga, visigino, vifundo, mabega, hata nyuma ya masikio. Damu haipiti, na ngozi huanza kufa kutokea ndani. Kwa hiyo anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kulia, chali, kushoto. Anayegeuza hamburuti, kwa sababu shuka likivutwa chini ya mwili huichuna ngozi. Humkunja goti, akashika bega na nyonga, akamviringisha mara moja. Mto unawekwa kati ya magoti, mwingine chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee. Kila anapogeuzwa ngozi inaangaliwa kwenye mwanga. Kwenye ngozi nyeusi doa la hatari halionekani jekundu. Linakuwa jeusi zaidi au la zambarau, na likiguswa huwa na joto au ugumu tofauti na pembeni yake. Doa hilo halisuguliwi wala halikandwi, maana kukanda huvunja kilichobaki. Linaondolewa mzigo, na mgonjwa halalii upande huo mpaka liishe.

Kulisha kuna hatari yake. Kiharusi kikigusa koo, uji unaweza kuingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Mgonjwa analishwa akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na kijiko cha pili hakiji kabla cha kwanza hakijamezwa. Akikohoa, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kumeza, unaacha na kumweleza daktari. Akimaliza anabaki ameketi nusu saa. Anayelishwa akiwa chali na ndugu mwenye haraka ya kwenda kazini yuko hatarini kuliko mwenye njaa.

Hesabu ya kumgeuza kila saa mbili ni mara 12 kwa siku. Ongeza kuogesha, kubadili nepi, kufua, kupika chakula laini, kumfanyisha mazoezi ya mkono na mguu, dawa za presha asubuhi na jioni. Hakuna binadamu mmoja anayeiweza kazi hiyo kwa mwaka mzima bila kuumwa mgongo, kukonda, kupandwa na hasira, na kisha kujilaumu kwa hasira hiyo. Binti wa pili anakosa usingizi, anaacha dawa zake mwenyewe, na baada ya miezi kadhaa ukoo una wagonjwa wawili. Halafu anakuja shangazi kutoka mjini, anakaa dakika 40 sebuleni, anasema nyumba inanuka.

Dawa ya hilo ni zamu, na zamu inaandikwa. Ukoo unaoweza kupanga nani achinje, nani apike na nani apokee wageni wa msiba hauwezi kusema umeshindwa kupanga nani alale na mama Ijumaa. Aliye mbali hutoa fedha kwa mwezi, kiasi kinachojulikana, kwa tarehe inayojulikana, kama mshahara, kwa kuwa ni mshahara: unaingia mahali pa genge lililofungwa. Aliye karibu hutoa usiku. Watoto wa kiume wasikwepe kwa kusema kuogesha ni kazi ya wanawake. Kumnyanyua mtu mzima ni kazi ya misuli, na baba mgonjwa mara nyingi hupendelea kuogeshwa na mwanawe wa kiume kuliko binti au mkwe. Na aliyechoka apewe siku ya kutoka nje ya ile nyumba, aende sokoni, kanisani, msikitini au kwa rafiki, bila kuulizwa amechelewa wapi.

Fedha za msiba zina matumizi mengine yanayofaa zaidi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilibadili mfumo wake Oktoba 2024, mfuko wa zamani wa NHIF ukaipisha mamlaka mpya ya SHA. Mifumo hii ina kero zake na wagonjwa wanazijua vizuri. Hata hivyo ukoo wa watu 30 unaochangia bima ya wazee wake wanne kila mwaka unafanya jambo lenye faida kuliko kukodi viti vyenye vitambaa. Tanzania pia, tangu Sera ya Afya ya 2007, inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Mzee mwenye haki hiyo anahitaji mtu wa kumfuatilia kitambulisho chake kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na hiyo ni kazi ya mjukuu mmoja kwa siku moja.

Kwenye nyumba nyingine mgonjwa wa kudumu ni mtoto. Tanzania ni miongoni mwa nchi tano zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu duniani, takriban 11,000 kila mwaka kwa makadirio ya wataalamu. Zamani wengi walikufa kabla ya miaka mitano bila jina la ugonjwa kujulikana, na mama akaambiwa ana mkosi. Sasa yanajulikana mambo yanayomweka mtoto huyo hai: penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, chanjo zote, chandarua, maji ya kutosha, nguo za kumkinga baridi, na hospitali haraka homa ikipanda. Utafiti uliowahusisha watoto zaidi ya 600 katika nchi nne za Afrika, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda zikiwamo, na matokeo yake kutolewa Desemba 2018, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria na vifo. Mzazi anayemleta mtoto wake wodini kila miezi miwili ana haki ya kumuuliza daktari kama dawa hiyo inamfaa.

Katika nyumba hiyo kuna mtoto mwingine, mzima, anayejifunza kunyamaza. Karatasi ya matokeo yake haijafunguliwa, viatu vyake vimetoboka, na hasemi, kwa sababu anaona mama alivyo. Baba mdogo au shangazi anaweza kumchukua Jumamosi moja kwa mwezi tu, amuulize habari za shule. Huo nao ni uuguzaji.

Yanabaki maradhi madogo, yale ya kila wiki, na hapa familia hukosea kwa kuyapuuza au kwa kuyatibu kupita kiasi. Mtoto akipata homa, dukani hununuliwa dawa ya malaria kabla hajapimwa, ilhali kipimo cha haraka huchukua tone moja la damu kidoleni na jibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Homa nyingi si malaria, na ile ambayo ni malaria haipaswi kungoja. Mafua hayatibiwi na amoksilini iliyobaki kwa jirani. Yanataka pua isafishwe, vinywaji vya uvuguvugu na siku chache. Asali hutuliza kikohozi cha mkubwa, ila asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Aspirini watoto wasipewe kabisa, mpaka daktari aseme.

Kuhara ndiko kunakodanganya zaidi, kwa sababu kila bibi ana dawa yake na mtoto hukauka wakati dawa zinajadiliwa. Kinachomwua ni kupungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akawapa ndugu wa wagonjwa wa kipindupindu maji yenye sukari na chumvi wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka sana. Pakiti ya ORS inayouzwa leo kwenye duka la dawa imetokana na kazi hiyo. Inachanganywa na lita moja ya maji safi, isipungue wala isizidi, na mtoto hunyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, unangoja dakika kumi na kuanza tena polepole. Pakiti isipokuwapo, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita moja ya maji, vitamvusha mpaka kituoni. Vidonge vya zinki hupewa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Ziwa la mama haliachishwi.

Degedege linastahili maneno ya peke yake. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wengi wakiamini kwamba ni ugonjwa wa shetani au ndege, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ilikuwa na chanzo chake cha kusikitisha: watoto walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa, na sindano ikabeba lawama. Leo bado wapo wanaopita kwa mganga kwanza. Mtoto anayetikisika kwa homa alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asimwagiwe maji ya baridi, na apelekwe kituo cha afya mara moja hata kama ametulia njiani, kwa kuwa huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo.

Kila mlezi ajue pia dalili ambazo hazingoji kupambazuka. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amelala na haamki. Anahema haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi miwili hadi 11, mara 40 au zaidi akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, akihesabiwa ametulia, kwa saa ya simu. Mtoto mchanga aliye chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote hupelekwa siku hiyohiyo.

Saa nane ya usiku mama mwenye mtoto wa namna hiyo anahitaji mtu wa jirani mwenye usafiri, na fedha kidogo kwenye simu. Kwa hiyo kikao kijacho cha familia, hata kama kimeitishwa kwa ajili ya harusi, kiweke ajenda moja zaidi: nani ni mgonjwa kati yetu, nani anamuuguza, zamu zake zikoje, nani anapigiwa usiku. Majibu yaandikwe, na michango ianze mwezi huohuo.